Habari za "jeni ya ukame": tuulize inawashwa lini, wapi na kwa kiasi gani

Ndugu Mhariri,

Kila baada ya muda magazeti yetu, likiwemo lako, huandika kwamba wanasayansi wamepata jeni inayoufanya mmea ustahimili ukame, chumvi, baridi au joto. Kwa kawaida habari hizo hazisemi uongo. Zinakatika tu kabla ya kufika penye jambo lenyewe. Mara nyingi jeni inayotajwa haiulindi mmea kwa mkono wake. Ni jeni ya protini inayosimamia jeni nyingine nyingi. Thamani ya msimamizi haijulikani mpaka uulize anaamshwa na nini, anafanya kazi kwenye kiungo gani, na akizidisha amri ni kipi kinachoharibika. Tunaomba maswali hayo yaulizwe kabla ya habari kwenda mitamboni, na tungependa kueleza kwa nini.

Mbele ya kila jeni kuna kipande cha DNA kiitwacho promota. Chenyewe hakitengenezi protini. Kazi yake ni kuamua jeni isomwe au isisomwe. Ndani ya promota mna maneno mafupi ya herufi za DNA, na kila ukoo wa protini simamizi una neno lake unalolishika. Protini hizi kitaalamu ni vidhibiti vya unukuzi, kwa kuwa hudhibiti kunukuliwa kwa jeni kuwa RNA, nakala ambayo protini hutengenezwa kwayo. Ukoo wa DREB hushika neno CCGAC. Ukoo wa AREB hushika ACGTG. Ukoo wa HSF, ule wa joto, hushika GAA na TTC zinazopokezana. Kuna pia NAC, MYB, WRKY na koo nyingine nyingi: mmea mdogo wa Arabidopsis thaliana, ambao DNA yake ilichapishwa mwaka 2000, una jeni kama 27,000, na zaidi ya 1,500 kati yake ni za vidhibiti hivi. Kidhibiti kimoja kikishika neno lake, makumi au mamia ya jeni huitika kwa pamoja, zikiwemo za kutengeneza sukari za kinga na za kuzinyoosha protini zilizopoteza umbo. Hapo ndipo ulipo mvuto wake kwa wazalishaji wa mbegu, na hapohapo ndipo ilipo hatari.

Chukua ukame. Maji yakipungua, mmea huongeza homoni ya asidi ya absisiki, kwa kifupi ABA. Mmea ukiwa umeshiba maji, vimeng'enya vya kundi la PP2C huviondolea fosfeti, alama ya kikemikali inayoviamsha, vimeng'enya vya kundi la SnRK2, na hivyo SnRK2 hubaki vimelala. ABA ikiingia kwenye kipokezi chake (vipokezi hivi vilitambuliwa mwaka 2009, na Arabidopsis ina 14), kipokezi hubadilika umbo na kuibana PP2C. SnRK2 huachiwa, hubandika fosfeti kwenye protini za AREB, na AREB ndizo zinazowasha jeni za ulinzi. Hata hivyo neno moja la ACGTG kwenye promota kwa kawaida halitoshi. Linahitaji mwenzake, au neno jingine la kulisaidia, ndipo jeni iwake sawasawa. Anayeikagua promota kwa kompyuta, akaliona neno moja na kutangaza kwamba jeni hiyo ni ya ukame, amekimbilia mwisho. Maneno ya herufi tano hujitokeza kwa bahati tu kila mahali kwenye DNA.

Kuna jambo jingine linalopotea njiani. RNA ya kidhibiti ikijaa, hiyo haina maana kwamba protini yake ipo, wala kwamba protini ikiwepo iko tayari kwa kazi. DREB2A ndiye shahidi. Watafiti wa Japani walipoiongeza jeni hiyo kwenye Arabidopsis, RNA iliongezeka lakini mimea haikubadilika, kwa sababu mmea usipokuwa na dhiki, protini ya DREB2A hubandikwa yubikwitini, alama ya kwamba ivunjwe, na vimeng'enya viwili, DRIP1 na DRIP2, kisha huvunjwavunjwa. Walipoondoa kipande cha asidi amino 30 ndani yake, kuanzia ya 136 hadi ya 165, protini ilidumu na mimea ikastahimili ukame zaidi. Hayo yalichapishwa mwaka 2006, na kazi ya DRIP ikaelezwa mwaka 2008. Kwa hiyo mwandishi akiambiwa kwamba jeni fulani "imeongezeka mara 50", aulize kama kuna aliyeipima protini.

Tukija kwenye kiasi, mfano ulio wazi kuliko yote ni wa mwaka 1999, tena kutoka Japani. Jeni ya DREB1A iliwekewa mbele promota ya 35S, inayotokana na virusi vya mozaiki vya koliflawa, ambayo huwasha jeni mchana na usiku karibu katika kila kiungo. Mimea ilistahimili ukame, chumvi na baridi kali, lakini ikadumaa. Jeni ileile ilipowekewa promota ya rd29A, mimea ilikua karibu kama kawaida na ustahimilivu wake ukazidi ule wa mimea ya 35S. Promota ya rd29A ina neno CCGAC na neno ACGTG, kwa hiyo huamka dhiki inapokuja, iwe kwa njia ya ABA au kwa njia nyingine, na hutulia dhiki inapopita. Udumavu nao una sababu inayojulikana: vidhibiti vya ukoo huu huongeza vimeng'enya vinavyoizima jiberelini, homoni ya urefu, na hapo protini za DELLA zinazozuia ukuaji hulundikana. Kinga na ukuaji hugawana akiba moja ya sukari. Msimamizi asiyelala huila akiba hiyo hata siku ambazo hakuna adui.

Saa nayo ina uzito. DREB1, ambazo pia huitwa CBF, huonekana kwenye RNA ndani ya dakika 15 baada ya mmea kuhamishiwa kwenye nyuzi 4 za Selsiasi, hupanda kwa saa chache kisha hushuka. Jeni zinazowashwa nazo huanza kuonekana baada ya kama saa 2 na hubaki juu kwa muda mrefu zaidi. Anayechukua sampuli moja tu, saa 24 baada ya baridi, anaweza kuandika kwamba CBF haina kazi, kumbe ilishapiga amri na kuondoka. Tena saa ya ndani ya mmea huamua ukubwa wa mwitikio: baridi ileile ikipigwa saa 4 baada ya mapambazuko huinua CBF kuliko ikipigwa saa 16 baada ya mapambazuko. Ndiyo maana kila sampuli ya baridi inahitaji sampuli linganishi iliyochukuliwa saa ileile ya siku, chini ya mwanga uleule. Hata mikono ina athari, kwa kuwa kuutikisatikisa mmea kunatosha kuiinua CBF. Jani hukatwa na kutumbukizwa ndani ya nitrojeni ya kimiminika papo hapo. Likiachwa mezani wakati vibandiko vinaandikwa, linalopimwa mwishoni ni mwitikio wa kukatwa.

Nyanya inafundisha upande wa pili wa jambo hilihili. Mnyanya huumizwa na baridi ambayo Arabidopsis huivumilia, na mtu angedhani hauna CBF. Unayo, inawaka baridi inapoingia, na ukiihamishia Arabidopsis inafanya kazi vizuri. Kinachopungua kwenye mnyanya ni jeni za kuitikia amri: kundi linalowashwa na CBF ni dogo mno. Kuuongezea mmea wa namna hiyo msimamizi mwingine hakuleti wafanyakazi.

Kuhusu mahali, mpunga umetupa jibu ambalo lingestahili ukurasa mzima wa gazeti. Watafiti wa Korea Kusini, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2010, waliiweka jeni ya OsNAC10, kidhibiti cha ukoo wa NAC, chini ya promota mbili tofauti. Moja, GOS2, huiwasha mwili mzima. Nyingine, RCc3, huiwasha kwenye mizizi tu. Mimea ikiwa bado michanga, aina zote mbili zilistahimili ukame vizuri kuliko mpunga wa kawaida. Shambani, kwenye ukame wakati wa kutoa masuke, mpunga wa RCc3 ulitoa mavuno makubwa zaidi kwa asilimia 25 hadi 42, na mizizi yake ilikuwa minene zaidi. Ule wa GOS2 haukuuzidi mpunga wa kawaida. Jeni ni moja. Jaribio la miche lingezipa alama sawa aina hizo mbili, na mkulima angeletewa mbegu isiyo sahihi.

Mafuriko ni dhiki inayosahauliwa tunapozungumzia mazingira, na hapa vidhibiti vimetoa kazi ambayo imefika shambani kweli. Mpunga ukifunikwa na maji, gesi ya ethilini inayotengenezwa na mmea wenyewe hushindwa kutoka na hukusanyika ndani. Aina nyingi hujibu kwa kurefuka haraka ili zitoe kichwa juu ya maji. Maji yakidumu, wanga unakwisha kabla kichwa hakijatoka, na maji yakishuka mmea hulala chini na kufa. Mpunga wa asili wa FR13A kutoka Odisha nchini India haufanyi hivyo. Una jeni ya SUB1A kwenye kromosomu ya 9, iliyoelezwa mwaka 2006, ambayo ni kidhibiti cha ukoo wa ERF. Ethilini huiwasha, nayo huzizuia ishara za jiberelini: mmea unaacha kurefuka, unatunza wanga, na maji yakiondoka unachipua upya. Wazalishaji wa mbegu walilihamisha eneo hilo la kromosomu kwenye aina ipendwayo ya Swarna kwa uchavushaji wa kurudia, wakifuatilia kipande hicho kwa alama za DNA kizazi kwa kizazi, bila kuhamisha jeni kwa maabara. Swarna-Sub1 iliruhusiwa India mwaka 2009, na huvumilia kufunikwa kabisa kwa takriban wiki 2.

Sasa tazama hili. Mwaka 2009 huohuo zilielezwa jeni za SNORKEL1 na SNORKEL2 kwenye mpunga wa maji ya kina kirefu. Nazo ni za ukoo wa ERF, nazo huwashwa na ethilini, lakini amri yake ni kinyume kabisa: pingili zirefuke upesi, majani yabaki juu ya maji. Ipi ni bora? Inategemea maji yenyewe. Mafuriko yanayopanda ghafla na kushuka ndani ya siku 10 hadi 14 yanaitaka SUB1A. Maji yanayopanda polepole na kukaa kwa miezi yanaitaka SNORKEL, na mpunga wa SUB1A ukipandwa humo utakaa umezama ukiwa umejifunga mwenyewe usirefuke. Wala SUB1A haiisaidii mbegu kuota chini ya maji. Hiyo ni sifa nyingine yenye jeni nyingine. Mwandishi anayeandika "mpunga wa mafuriko" bila kutaja kina cha maji na siku zake, anamwacha mkulima gizani.

Joto tutaligusa kwa ufupi. Kidhibiti kiitwacho HSFA1 huwa kimeshikwa na protini saidizi za HSP70 na HSP90. Joto likizipotosha protini nyingine, saidizi hizo hukimbilia kuzishughulikia, HSFA1 inaachiwa, inaungana tatu tatu na kuwasha jeni za ulinzi. Arabidopsis iliyotangulizwa saa 1 kwenye nyuzi 37, ikapumzika saa 2 kwenye nyuzi 22, huhimili nyuzi 44 au 45 ambazo zingeiua kama ingepelekwa huko moja kwa moja. HSFA2, kidhibiti kingine cha ukoo huohuo, huidumisha kinga hiyo kwa siku kadhaa. Mimea isiyo na HSFA2 huisahau mapema. Lakini hayo ni majani ya miche. Mazao ya punje hupotea zaidi joto likiikuta chavua wakati wa maua, na jaribio la jani halisemi lolote kuhusu chavua. Pia shambani joto na ukame huja pamoja, na mwitikio wa jeni kwa vyote viwili si jumla ya mwitikio wa kimoja na wa kingine: joto linataka vitundu vya majani vifunguke ili jani lipoe, ukame unataka vifungwe.

Tumefika kwenye majaribio yenyewe, ambako habari nyingi huharibikia. Picha inayotolewa mara kwa mara ni ya vyungu viwili: kimoja kina mimea iliyokufa, kingine kina mimea ya kijani, baada ya kunyimwa maji na kumwagiliwa tena. Kumbuka udumavu. Mmea mdogo una majani machache, hunywa polepole, na udongo wake unabaki na unyevu siku ambazo udongo wa jirani umeshakauka. Ulinusurika kwa kuwa haukuukuta ukame. Dawa yake ni mizani. Jaza vyungu vyote udongo wa uzito mmoja, loweka, acha vichuruzike usiku kucha huku juu vimefunikwa, pima: hicho ndicho kiasi kamili cha maji ambacho udongo unaweza kushika. Kisha acha vikauke hadi kiwango ulichokichagua, tuseme asilimia 40 ya kiasi hicho, na kila siku saa ileile ongeza maji mpaka uzito urudi hapo. Njia nyingine ni kupanda aina zote mbili ndani ya chungu kimoja, mizizi inywe kwenye udongo uleule. Tumia angalau mistari 3, yaani vizazi vya mimea 3 tofauti iliyowekewa jeni, iliyopatikana kwa uhamishaji tofauti wa jeni, kwa sababu mstari mmoja unaweza kuwa na tabia yake kutokana na mahali jeni ilipodondokea kwenye kromosomu.

Kipimo cha maji ndani ya jani nacho ni rahisi kukikosea. Pima uzito wa jani mara tu likikatwa, lilowekwe saa kadhaa kwenye maji safi gizani, likaushwe juujuu, lipimwe tena, kisha likaushwe kwenye oveni ya nyuzi 70 hadi 80 kwa siku 1 hadi 2 na kupimwa mara ya mwisho. Toa uzito mkavu kwenye uzito wa kwanza, gawanya kwa uzito wa kuloweka uliotolewa uzito mkavu, zidisha kwa 100. Jani lenye gramu 0.42, 0.50 na 0.08 linapata asilimia 81. Mtu akilipima bado lina tone la maji juu yake, isome 0.54 badala ya 0.50, jani lilelile linapata asilimia 74. Tofauti ya namna hiyo mara nyingi ndiyo yote inayodaiwa kuletwa na jeni.

Mwisho ni takwimu za mavuno. Ngano yenye HaHB4, kidhibiti kutoka kwenye alizeti kilichofanyiwa kazi na kundi la Raquel Chan nchini Argentina, ilielezwa mwaka 2019 kutokana na majaribio 37 ya mashambani. Kwa wastani mavuno yaliongezeka asilimia 6. Penye dhiki yaliongezeka asilimia 16, pasipo na dhiki asilimia 3, na mahali pamoja kati ya pakavu kabisa asilimia 97. Namba zote nne ni za kweli na zote zinatoka kwenye kazi moja. Gazeti linalochapa 97 peke yake limemdanganya msomaji kwa kutumia ukweli, maana shamba linalotoka kilo 300 hadi kilo 600 limeongeza asilimia 100 na bado ni shamba lenye njaa. Sisi tunaiona 6 kuwa habari kubwa: kidhibiti kilichopunguza madhara ya ukame bila kula mavuno ya msimu mzuri ni kitu adimu, na Argentina ilikiidhinisha mwaka 2020.

Basi, Ndugu Mhariri, habari ya namna hii ikifika mezani kwako, tunaomba izingatie mambo haya machache: promota iliyotumika na kiungo inakoiwasha jeni, umri wa mmea dhiki ilipopigwa, na iwapo maji ya udongo yalipimwa kwa mizani, mavuno ya msimu mzuri kando ya yale ya msimu mbaya, na idadi ya misimu na mashamba. Mtafiti aliyefanya kazi yake vizuri huyajibu hayo kwa dakika chache tu za simu.

Wenu,
Watafiti wa biolojia ya mimea